Walioshinda Pamoja Wakagawana Ulaya: Uhakiki wa Sababu za Vita Baridi

 

Baada ya darsa ya Magharibi hapa Tunduma, kijana wetu mmoja wa kidato cha nne alituletea daftari lake la historia. Alikuwa na swali ambalo, kwa maneno yake, darasani lilipitwa haraka. Daftari linasema kwamba Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilipigana bega kwa bega dhidi ya Ujerumani ya Hitler mpaka Mei 1945. Mstari unaofuata unasema kwamba ilipofika mwaka 1947 Marekani na Urusi walikuwa mahasimu wakubwa, na bara la Ulaya limegawanyika vipande viwili. Baina ya mistari miwili hiyo hapana kitu. "Sheikh," akasema, "hawa walikosana lini?"

Tulilichukua daftari tukakaa nalo siku tatu. Chini ya kichwa cha habari cha Vita Baridi zimeorodheshwa sababu sita: tofauti ya itikadi, bomu la atomu, tangazo la Rais Truman, Mpango wa Marshall, kufungwa kwa Berlin, na kuundwa kwa jumuiya za kijeshi za NATO na Warsaw. Hatumlaumu mwalimu aliyeyaandika haya, kwani ndivyo yanavyoandikwa katika vitabu vingi vya mtihani, na kijana atakayeyataja yote sita atapata alama zake. Lakini kwa mtu aliyesoma usuli, ukurasa ule ni ukurasa wa mashaka. Truman alilihutubia Bunge la Marekani tarehe 12 Machi 1947. Mpango wa Marshall ulitangazwa Juni mwaka huo huo. Berlin ilifungwa Juni 1948, NATO ikaundwa Aprili 1949, na Mkataba wa Warsaw ulitiwa saini Mei 1955. Mambo manne katika sita ni watoto wa uhasama ule, nayo yameandikwa kana kwamba ndio wazazi wake. Ni sawa na kumwambia mgonjwa kwamba sababu ya homa yake ni jasho.

Inabaki itikadi, na inabaki bomu. Tuanze na itikadi, maana hiyo ndiyo inayopendwa na wengi: mabepari na makomunisti hawapatani, basi yakaisha.

Wanafunzi wa usulul-fiqhi wanajua kwamba mtu hawezi kuitaja sifa yoyote akadai kuwa ndiyo ila ya hukumu. Sifa hiyo hupimwa. Kipimo cha kwanza ni kwamba kila inapokuwepo, hukumu nayo iwepo. Kipimo cha pili ni kwamba inapoondoka, hukumu nayo iondoke, ingawa wanachuoni wamekhitalifiana kama hili la pili ni sharti. Tuipime itikadi kwa mizani hiyo. Dola ya Kikomunisti ilisimama Urusi mwaka 1917. Marekani ya kibepari iliitambua mwaka 1933, ikaisaidia tangu mwaka 1941, na katika miaka ya vita ikaipelekea malori, ndege, chakula na mabuti ya askari kwa thamani ya dola zipatazo bilioni 11. Itikadi zote mbili zilikuwepo miaka hiyo yote, na uhasama wa namna ile ya baadaye haukuwepo. Sasa tugeuze upande wa pili. China na Urusi zote zilikuwa za Kikomunisti na zilifungamana kwa mkataba wa Februari 1950. Mwaka 1960 Urusi iliwaondoa wataalamu wake China, na Machi 1969 askari wao walikuwa wakiuana kwenye mto Ussuri. Hapo tofauti ya itikadi kubwa namna ile haikuwepo, na uhasama ulikuwepo. Sifa iliyoanguka katika vipimo vyote viwili haiwezi kuitwa ila. Inaweza kuitwa sababu ya mbali, au kuni zilizokauka zikingoja kiberiti. Zaidi ya hapo hatukubali.

Kabla ya kwenda mbele tunapenda kuiondoa kauli nyingine, ambayo haimo katika daftari bali imo katika baraza zetu, na baadhi ya wahadhiri wanaipenda. Kauli hiyo inasema kwamba ule uhasama ulikuwa mchezo wa kuigiza, kwamba Washington na Moscow waliafikiana kwa siri kuutawala ulimwengu na kuwatisha wengine. Kauli hii ina ladha, kwa sababu inamfanya msemaji aonekane mjuzi wa mambo yaliyofichika. Lakini haina dalili. Urusi ilipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita vile, na mji baada ya mji ulibaki magofu. Watu waliopata msiba wa kiasi hicho hawakuweka majeshi yao Poland kwa ajili ya mchezo. Na Oktoba 1962, pale makombora yalipogunduliwa Cuba, walioyashika mambo pande zote mbili walikiri baadaye kwamba walikaribia ukingo wa maangamizi. Kutuhumu bila ya ushahidi si elimu, hata kama anayetuhumiwa hatumpendi.

Basi walikosana lini? Jibu letu kwa kijana ni hili: walianza kukosana siku ile ile walipoafikiana, kwa sababu waliafikiana juu ya adui, na hawakuafikiana juu ya mali atakayoiacha.

Hapa Tunduma mfano huu hauhitaji kitabu. Tumepata kuketishwa kusuluhisha watu wawili walioshirikiana kununua mpunga wa Kamsamba. Mmoja alitoa fedha, mwingine akatoa gari na nguvu zake. Walipatana vizuri sana juu ya kununua, na wakashinda ushindani wa wengine sokoni. Lakini hawakusema ghala litakuwa la nani mpunga ukishauzwa, wala nani atabeba hasara ya magunia yaliyolowa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameelewa kama alivyoelewa yeye. Ugomvi ulianza siku ya faida, wala haukuanza siku ya shida. Mafaqihi wetu wameliona jambo hili zamani, ndiyo maana katika milango ya biashara na ushirika wamekataza ujinga wa masharti ule unaopeleka watu kwenye mzozo. Hawakukataza kila kisichojulikana, maana hapana mkataba usio na kitu kisichojulikana. Walichokataza ni kile ambacho kwa kawaida kitawagombanisha watu.

Tuiangalie Yalta kwa jicho hilo. Kuanzia tarehe 4 mpaka 11 Februari 1945, Roosevelt, Churchill na Stalin walikutana katika mji huo wa pwani ya Crimea. Jeshi la Kisovieti lilikuwa limekwisha kuingia karibu Poland yote, na Ujerumani ilikuwa imebakiza miezi mitatu ya uhai. Waliandika kwamba serikali iliyopo Poland, ambayo ilikuwa ya Wakomunisti, itapangwa upya katika msingi mpana wa kidemokrasia, na kwamba uchaguzi huru utafanyika mapema iwezekanavyo. Ndugu msomaji, hebu yapime maneno hayo. Msingi mpana ni upana wa kiasi gani? Mawaziri wawili wapya katika ishirini ni upana? Uchaguzi huru, huru kwa tafsiri ya nani? Mapema iwezekanavyo, nani ataamua kwamba sasa inawezekana? Admirali Leahy, mshauri wa kijeshi wa Roosevelt, aliliona hilo pale pale akamwambia rais wake kwamba maneno haya yananyumbuka mno, na Warusi wanaweza kuyavuta watakavyo bila ya kuyakata. Roosevelt alijua. Alikuwa mgonjwa, alihitaji Urusi iingie vitani dhidi ya Japan, na alitaraji Umoja wa Mataifa utayamaliza yaliyobaki. Alifariki tarehe 12 Aprili, miezi miwili baadaye.

Stalin naye alikuwa na mkataba mwingine akilini. Oktoba 1944 Churchill alimwendea Moscow, na usiku wa tarehe 9 akamwandikia katika kipande cha karatasi mgawo wa nchi za Balkani kwa asilimia: Romania 90 kwa Urusi, Ugiriki 90 kwa Uingereza pamoja na Marekani, Yugoslavia na Hungary nusu kwa nusu. Stalin akatia alama ya vema kwa penseli. Marekani haikuwa imetia mkono wake pale. Kwa hiyo mmoja alitoka Yalta akiamini kuwa amepewa Poland kama mwenzake alivyopewa Ugiriki, na mwingine akatoka akiamini kuwa Poland imepewa Wapoland. Uchaguzi wa Poland ulifanyika Januari 1947, chini ya vitisho na udanganyifu, na Wakomunisti wakatangaza ushindi. Marekani ikasema mkataba umevunjwa. Urusi ikasema mkataba umetimizwa.

Huenda mtu akatupinga akasema: nyinyi mashekhe mnaipa karatasi uzito usiokuwa wake, mwenye nguvu hutafsiri apendavyo, na hata mkataba ulio wazi angeuvunja. Pingamizi hili lina nguvu, na tusingekuwa na jibu lau si kisa cha Iran. Kisa hiki daftari halikukitaja kabisa, na tunashangaa kwamba hata baadhi ya waandishi wa Kiislamu wanakipita, ilhali ni nchi ya Waislamu na ndiko washirika wale walikovutana kwa mara ya kwanza mbele ya Baraza la Usalama.

Tarehe 25 Agosti 1941 majeshi ya Uingereza na Urusi yaliivamia Iran kutoka kusini na kaskazini. Nchi hiyo ilikuwa imetangaza kutofungamana na upande wowote. Walichokitaka ni mafuta, na njia. Reza Shah aliuacha ufalme Septemba, Waingereza wakampeleka Mauritius na kisha Johannesburg, akafia huko mwaka 1944. Reli aliyoijenga yeye kutoka Ghuba mpaka Bahari ya Kaspi ikawa mshipa wa vita. Misaada ipatayo tani milioni 4 ya Marekani kwenda Urusi ilipita katika ardhi ya Iran. Kwa hiyo ushirika wa washirika hawa, kama ungetaka kuuona kwa macho, ulionekana vizuri zaidi katika stesheni za Iran kuliko katika picha za Yalta.

Lakini Januari 1942 waliandikiana na Iran mkataba wenye sharti moja lililo wazi: majeshi yataondoka si zaidi ya miezi sita baada ya vita kwisha. Japan ilitia saini ya kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945. Hesabu ni nyepesi, hata mtoto wa madrasa ataifanya: tarehe 2 Machi 1946. Waingereza wakaondoka. Warusi wakabaki, na chini ya kivuli chao zilikuwa zimekwisha kusimama serikali mbili ndogo, moja Tabriz na nyingine Mahabad. Iran ikashitaki. Na hapo Urusi, dola iliyoiangusha Ujerumani, haikupata neno la kunyumbusha. Haikuweza kusema kwamba tarehe 2 Machi ina tafsiri mbili. Mapema Mei 1946 majeshi yake yalikuwa yamekwisha kutoka.

Hatusemi kwamba karatasi peke yake iliwatoa. Marekani ilishinikiza, na waziri mkuu wa Iran, Qavam, alikuwa mjanja wa kutosha kuwaahidi Warusi mkataba wa mafuta ambao Majlisi ya Iran iliukataa mwaka 1947, askari wakiwa wamekwisha kwenda. Tunachosema ni kwamba pale palipokuwa na tarehe, mgogoro ulikwisha kwa wiki tisa. Pale palipoandikwa maneno kama mapema iwezekanavyo, uliendelea zaidi ya miaka 40. Mwenye kutaka kupuuza uwazi wa masharti na atueleze tofauti hiyo imetoka wapi.

Ama bomu, tutalisema kwa ufupi. Truman alimdokezea Stalin habari za silaha mpya tarehe 24 Julai 1945 huko Potsdam, na Stalin, aliyekuwa na majasusi wake ndani ya mradi ule, hakuonyesha mshangao. Urusi ililipua la kwake Agosti 1949. Bomu lilifanya mambo mawili yanayopingana: liliongeza khofu, na likawazuia wasipigane wenyewe kwa wenyewe. Katika lugha ya usuli, hili ni mani', kizuizi. Liliizuia vita isiwake katikati ya Ulaya na likaisukuma pembezoni. Pembezoni ndiko tunakoishi sisi.

Na hapa ndipo tunapolikosoa hata jina lenyewe. Mwandishi wa Kiingereza George Orwell alilitumia neno vita baridi Oktoba 1945, na mwandishi wa habari wa Marekani Walter Lippmann akalifanya kichwa cha kitabu mwaka 1947. Waarabu wakalifasiri, al-harb al-barida, nasi tukalifuata. Jina hilo ni la kweli kwa Berlin. Kwa Angola, kwa Msumbiji, kwa Korea na Afghanistan, ni jina la uongo. Wanahistoria wa Magharibi kwa muda mrefu waligombana wao kwa wao nani alaumiwe, Moscow au Washington. William Appleman Williams mwaka 1959 aliinyooshea kidole tamaa ya masoko ya Marekani, John Lewis Gaddis mwaka 1972 akatafuta njia ya katikati, na baada ya nyaraka za Moscow kufunguliwa akaegemea zaidi kumlaumu Stalin. Wote hao walisimama Ulaya wakatazama Ulaya. Mnorwe Odd Arne Westad, katika kitabu chake cha mwaka 2005, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kwamba moyo wa vita ile ulikuwa katika nchi zetu. Tunamuunga mkono, ingawa sisi tulio barabarani hatukuhitaji kungoja mpaka 2005.

Kwani simama Makambako utazame. Pale barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA zinakutana, na kutoka hapo zinakwenda kama ndugu wawili wasiosemezana, kupitia Mbeya na Vwawa mpaka hapa Tunduma, kisha Nakonde. Smith wa Rhodesia alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikosa njia salama ya kwenda baharini. Nyerere na Kaunda walikuwa wamekwisha kubisha hodi za Magharibi kuomba reli. Benki ya Dunia ilisema reli haina faida, na Urusi haikuonyesha hamu. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, reli ikafika hapa mwaka 1973, na njia yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Marekani iliyosema reli haifai ilitoa fedha, pamoja na Benki ya Dunia na Sweden, kuitia lami barabara iendayo huko huko. Mabomba ya mafuta ya TAZAMA, yaliyojengwa na Waitaliano, yalikuwa yamekwisha kufunguliwa mwaka 1968.

Marekani na China walikuwa washirika katika vita dhidi ya Japan. Tena wapo wazee wetu waliokuwa King's African Rifles na waliopigana Burma mwaka 1944, katika vita ile ile ambayo Wachina na Wamarekani walikuwa upande mmoja. Miaka 25 baadaye watoto wa wazee hao walikuwa wakichimba mitaro, huyu kwa mkandarasi wa barabara, yule kwa Mchina wa reli. Zaidi ya Wachina 60 walifia katika kazi ile, na makaburi yao yapo nje kidogo ya Dar es Salaam.

Masharti ya mkopo wa reli yalikuwa wazi: yuani milioni 988, bila ya riba, kulipwa kwa miaka 30. Wapo waliofurahia wakasema huu ndio mkopo mwema. Sisi tunaongeza jambo moja la kutafakari kwa wanafiqhi. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zilipatikana kwa kuuza madukani bidhaa za China zilizoletwa kwa mkopo. Wazee wanazikumbuka vizuri baiskeli na vitambaa vile. Je, hiyo ni manufaa iliyovutwa na mkopo, au ni namna tu ya kulipa? Tumekuta rai mbili kwa wenzetu, na kila moja ina njia. Sisi tunaelekea kuwa ni namna ya kulipa, kwa sababu bidhaa zile zilihesabiwa ndani ya deni, hazikuongezwa juu yake.

Upande wa pwani mgawanyiko wa Ulaya ulifika hata kabla ya reli. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Ujerumani ya Mashariki iliitambua serikali mpya nayo ikatambuliwa, na ubalozi ukafunguliwa Unguja. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na msimamo tangu mwaka 1955 kwamba haitashirikiana na nchi inayoitambua ile nyingine. Ulipokuja Muungano wa Aprili 1964, Tanzania ikajikuta ina Wajerumani wawili ndani ya nyumba moja. Mwalimu Nyerere alijaribu suluhu: Wajerumani wa Mashariki wapate ofisi ya ukonseli Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa kama dola. Bonn haikuridhika. Mapema mwaka 1965 iliwaondoa wataalamu wake wa kijeshi waliokuwa wakifundisha wanahewa na wanamaji wetu, na Nyerere akaiambia iondoe na misaada mingine ya serikali. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, yamesimama mpaka leo. Dola iliyoyasaidia ilifutika tarehe 3 Oktoba 1990.

Tumefikia jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, nalo ni dhima ya mkubwa juu ya matendo ya mfuasi wake. Msomaji anaukumbuka mkataba wa Hudaybiya wa mwaka wa 6 Hijria. Ulikuwa na muda, miaka 10, na ulikuwa na sharti kwamba kabila lolote litakaloingia upande wa Mtume (s.a.w.) au upande wa Maquraishi litahesabiwa kuwa ni wa upande huo. Khuza'a wakaingia huku, Banu Bakr wakaingia kule. Mwaka wa 8 Banu Bakr waliwashambulia Khuza'a usiku, na watu katika Maquraishi wakawasaidia kwa silaha. Abu Sufyan alikwenda Madina kujaribu kuuhuisha mkataba, na hakukubaliwa. Aliyempa silaha mfuasi wake alihesabiwa kuwa amepiga yeye. Imam Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, aliyefariki mwaka 189 Hijria, alipoandika juu ya Siyar, na al-Sarakhsi alipomsherehesha, milango hii ya ahadi, ya kuivunja na ya kuitangaza wazi kuwa imekwisha, waliipanga kwa mapana yake.

Washirika wa mwaka 1945 hawakuwa na sharti kama hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulimkataza dola kumshambulia dola, lakini mwenye kumpa mwenzake bunduki akapigane, huyo alibaki katika kivuli. Angola ilipopata uhuru Novemba 1975, Urusi na Cuba walikuwa upande wa MPLA, Marekani na Afrika Kusini upande wa pili, na China, iliyokuwa ikitujengea reli, ilikuwa imewafundisha FNLA waliokuwa pia wakipata fedha za Marekani. Reli ya Benguela ikakatika mwaka huo, na mzigo wote wa Zambia ukaelemea huku kwetu. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia waliingia Zambia wakalipua daraja la reli ya TAZARA juu ya mto Chambeshi. Stesheni ya Tunduma ikakaa kimya, na shehena zikarundikana Dar es Salaam. (Ni mto huo huo ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck aliletewa habari, Novemba 1918, kwamba vita vikuu vya kwanza vimekwisha. Alikuwa amepita Fife, hapa jirani na mpaka wetu, siku chache kabla, akiwa na wapagazi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.) Aliyewatuma wale makomando anajulikana. Waliomlinda asianguke kwa miaka 14 hawakuulizwa kitu.

Leo mambo yamerudi kwa sura nyingine. Oktoba 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya waliweka saini za kuunga mkono ushoroba wa Lobito, yaani ile ile njia ya Benguela, hadi Kongo na Zambia, na Desemba 2024 Rais Biden alikwenda Angola mwenyewe. Septemba 2024, mjini Beijing, Rais Samia na Rais Hichilema walishuhudia pamoja na Rais Xi kutiwa saini hati ya makubaliano ya kuihuisha TAZARA. Shaba ni ile ile, na njia mbili ni zile zile, moja inakwenda magharibi na nyingine inapita mbele ya milango yetu. Wapo wanaouliza nani kati ya wakubwa hawa ni rafiki yetu. Sisi tunauliza swali la mwenye ghala: katika karatasi zilizotiwa saini, muda umeandikwa kwa tarehe au kwa maneno? Reli ikiharibika, anayelipa ametajwa? Na malori haya yaliyopanga foleni kutoka mpakani, ambayo hata kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 hakijayamaliza, wenye kuyaegemea kwa riziki yao wana kifungu chochote humo?

Daftari tumemrudishia kijana. Zile sababu sita hatukuzifuta, kwa sababu mtihani ni wake na si wetu. Baina ya mstari wa 1945 na mstari wa 1947 tumemwandikia kwa penseli: Iran, 2 Machi 1946. Ameahidi kumuuliza mwalimu wake.